Gharama ya Mchezo wa Bure

Chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kina shilingi 400,000 za burudani kwa muhula huu, na hoja mbili ziko mezani. Ya kwanza, ambayo wengi wanaiunga mkono, inataka fedha hizo zigawanywe kuwa bando ili wanachama wote 12 wacheze michezo ya mtandaoni ya simu: Call of Duty: Mobile kwa wapenda risasi, eFootball kwa wapenda mpira. Sababu yao ni moja, nayo hurudiwa kila kikao kama kiitikio cha wimbo: michezo yenyewe ni ya bure. Hoja ya pili ni ya mlezi wetu, mwalimu ninayemheshimu, anayesema michezo ya kompyuta ni upotevu mtupu na fedha yote inunue kamusi. Mimi napinga zote mbili. Kwenye kikao nilipewa dakika tatu, na mbili kati ya hizo zililiwa na vicheko vya wenzangu, kwa hiyo nimeamua kuandika.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana bila hiyo sina haki ya kumkosoa mtu. Muhula wa kwanza wa mwaka wangu wa pili nilikuwa mchezaji mkubwa wa mchezo mmoja wa risasi wa simu. Sitautaja jina. Ulikuwa wa bure. Siku moja mama alinipigia kutoka Koboko akaniuliza, "Baba, zile pesa za chakula zimekwendaje mbio hivyo?" Sikuwa na jibu, nikamdanganya kwamba bei za Arua zimepanda. Usiku ule nilianza kuandika kila shilingi niliyoitumia kwenye mchezo ule, na kwa wiki ambazo sikuziandika nilitazama ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu. Kwa wiki 14 hesabu ilikuwa hivi: bando shilingi 118,000, sarafu za ndani ya mchezo na pasi ya msimu 41,000, kuchaji simu kwenye kibanda siku za giza 13,000. Jumla ni 172,000. Kwa mchezo wa bure!

Lakini iliyonishangaza zaidi si jumla hiyo. Nilipotazama kipimo cha data ndani ya simu, niliona kwamba mchezo ule ulikuwa umekula GB 31, na kati ya hizo ni kama GB 7 tu zilizotumika nikiwa nacheza. GB 24 zote zilikuwa za kupakua: kupakua mchezo wenyewe, kupakua ramani zake, kupakua masasisho, kisha kuufuta mchezo wakati wa mitihani kwa uchungu wa dhamira na kuupakua tena mitihani ilipokwisha. Wenzangu wengi hawajui jambo hili. Kucheza kwenyewe hakuli data nyingi, kwa sababu simu na seva hupelekeana habari fupi fupi tu: niko hapa, nimeruka, nimefyatua. Ni makumi ya megabaiti kwa saa. Kinachomaliza bando ni uzito wa mchezo na mazoea ya kampuni ya kuubadilisha kila baada ya wiki chache, na usiposasisha huingii. Una mchezo mkononi, una bando la kucheza jioni nzima, lakini mlango umefungwa mpaka ulipe kwanza ushuru wa kupakua.

Sasa turudi kwenye hoja ya walio wengi, tuipige hesabu ambayo hakuna aliyeipiga kikaoni. Shilingi 400,000 ukizigawa kwa watu 12 kila mmoja anapata 33,333. Muhula una wiki 15. Ukigawa tena, kila mwanachama ana shilingi 2,222 kwa wiki. Kwa bei nilizokuwa nikinunulia mimi, hiyo ni kama nusu ya GB. Sasisho moja la kati linaimeza na kuomba nyongeza. Maana yake ni kwamba chama kitalipa fedha yake yote ili wanachama wasasishe, na fedha ya kucheza kila mtu ataitoa kwenye chakula chake. Kisha muhula ukiisha chama hakitabaki hata na waya.

Na tukumbuke kwamba bando letu lina kodi ndani yake. Julai 2018 serikali ilianzisha ile kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Ilipoondolewa Julai 2021, badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data, ambayo humkuta hata asiyewahi kufungua mtandao wa kijamii. Silalamikii kodi hapa, hiyo ni insha nyingine. Nasema tu kwamba mtu akiniambia "bure", na mimi kila nikiingia namlipa mwenye mnara, namlipa mtoza kodi, namlipa mwenye kibanda cha kuchajia, basi neno hilo limetumika vibaya, na sisi ni wanafunzi wa lugha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazama jinsi michezo hii inavyojitembeza. Unapofungua tu, zawadi inakurukia. Kesho usipofungua, zawadi inapotea. Kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Kuna sanduku la bahati unalonunua bila kujua lina nini ndani. Ubelgiji ililitazama jambo hilo mwaka 2018, na tume yake ya michezo ya kubahatisha ikaamua kwamba masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya michezo mikubwa, FIFA 18 ikiwemo, ni kamari kwa mujibu wa sheria zao. Desemba 2022, Epic Games, wenye Fortnite, mchezo mwingine wa bure, walikubaliana na tume ya biashara ya Marekani kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji, baada ya kulaumiwa kwamba mpangilio wa vitufe vyao ulikuwa unawanunulisha watu vitu wasivyokusudia. Dola milioni 245, wenzangu. Anayegawa kitu bure hapati fedha za kurudisha kiasi hicho.

Wapo watakaonijibu: usinunue sarafu, cheza tu. Kweli, inawezekana, na kuna wanaoweza. Mimi sikuweza, na nina shaka na wengi wanaosema wanaweza. Hata hivyo, tuseme sote tuna roho ngumu kama jiwe la Mlima Liru. Bado kuna kitu kimoja ambacho hakuna roho ngumu wala bando nene linaloweza kukitibu, nacho ni umbali.

Mchezo wa mtandaoni wa haraka huishi kwa muda ambao habari inachukua kwenda kwenye seva na kurudi. Wachezaji huuita pingi na huupima kwa milisekunde. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo husafiri kama kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Ni mwendo mkubwa, lakini una mwisho. Sasa fuateni safari ya risasi yangu. Inatoka Arua, inashuka Kampala, karibu kilomita 500. Kutoka Kampala inakwenda Mombasa, zaidi ya 1,100 nyingine, kwenye nyaya za baharini zilizoanza kufika pale mwaka 2009. Kama seva iko Ulaya, inapita chini ya bahari hadi huko. Tuseme njia nzima ni kilomita 10,000. Kwenda na kurudi ni 20,000, yaani milisekunde 100 hata kama hakuna foleni, hakuna mnara uliolemewa na hakuna mvua. Na foleni haikosekani. Mpinzani wangu anayekaa mji mmoja na seva anahitaji 10 au 20. Wakati mimi naona adui anachungulia dirishani, yeye amekwisha kuniona, amekwisha kufyatua, na kwa hesabu ya seva mimi ni maiti inayojiona hai.

Mtu wa mnara hawezi kukuuzia mwanga unaokwenda kasi zaidi. Kwa hiyo wenzetu wanaotaka tuingie mashindano ya mtandaoni "tuitangaze West Nile" wanatuandalia mapigano ambayo tumeshashindwa kabla ya kushika simu. Kuna nafuu kidogo kwa michezo yenye seva Afrika Kusini, kama Dota 2 ya Valve, ambayo pia haikuuzii silaha yenye nguvu kuliko ya mwenzako. Huo kwangu ndio mchezo mwaminifu zaidi kati ya michezo mikubwa ya bure. Lakini unahitaji kompyuta nzuri na makumi ya GB ya kupakua, na kati yetu 12 kompyuta za namna hiyo ni moja. Mwenyewe haazimishi, na namwelewa.

Kisha kuna jambo la kufungiwa. Tunaoishi Uganda hatuhitaji kuhadithiwa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook iliyofungwa wakati ule haikufunguliwa intaneti iliporudi. Nilikuwa bado shule. Nakumbuka vijana wa mtaani kwetu waliokuwa wamesajili michezo yao kwa akaunti za Facebook walivyohangaika: waliokuwa na VPN waliingia, lakini VPN ilipeleka habari zao kwa kuzunguka nchi nyingine kwanza na pingi ikapanda kama homa. Wasiokuwa nayo walianza upya, bila cheo, bila nguo za kifahari walizonunua. Na si serikali tu inayofunga. Apex Legends Mobile ilizinduliwa Mei 2022, na Mei 1, 2023 ikafungwa na wenyewe, na fedha zilizonunua sarafu za ndani yake hazikurudishwa. Haikutimiza hata mwaka mmoja. Hata mchezo wa kununua una hatari hiyo kama umefungwa kwenye seva ya kampuni: The Crew ya Ubisoft, iliyouzwa tangu 2014, ilizimwa Machi 31, 2024, na walioinunua wakabaki na kasha.

Hapo ndipo ninapopata kigezo changu, na naomba tukipime kwa haki. Tukichagua mchezo tusiulize kwanza unauzwa bei gani. Tuulize: bando likiisha, mchezo unabaki? Umeme ukikatika? Kampuni ikifunga duka? Mchezo ambao jibu lake ni "unabaki" ni rahisi hata kama unauzwa. Chukua Minecraft ya simu: dola 6.99, kama shilingi 25,000, unalipa mara moja. Watu walio kwenye waifai moja wanacheza pamoja bila bando. Shilingi 172,000 zangu za muhula ule zingenunua nakala sita na chenji ikabaki ya chapati. Na nilizitumia kwenye mchezo wa bure!

Lakini sipendekezi tununue Minecraft 12, maana hiyo ni shilingi 300,000 na kuna njia nafuu kuliko hiyo. Nataka kuwapeleka Koboko kidogo, kwa sababu huko ndiko nilikobadilika.

Likizo iliyofuata muhula ule nilirudi nyumbani bila fedha. Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima, jambo ambalo kwetu si habari. West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa kwa miaka mingi, na wazee wetu wanajua ratiba ya jenereta kuliko ratiba ya ligi. Binamu yangu ana kibanda chenye PlayStation mbili ambapo vijana hulipa shilingi 1,000 kwa mechi. Giza lilipoingia biashara ilikufa, lakini vijana hawakuondoka. Mmoja wao, aliyelelewa Lobule kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, akatoa simu yake, akawasha hotspoti, akasema, "Mwenye Mini Militia aingie." Mini Militia ni mchezo mdogo wa kizamani, wa vikaragosi vinavyoruka na kufyatuliana. Simu zinaunganishwa kwa waifai tu. Hakuna bando linalotumika, hata shilingi moja. Tuliingia sita. Simu yangu ilikuwa na asilimia 30 ya chaji.

Sijawahi kucheza vile. Pingi haikuwepo kabisa, maana seva ilikuwa mfukoni mwa mtu aliyekaa karibu nami kwenye benchi. Ukifa, unajua aliyekuua, yuko pale anacheka. Na kelele! Kulikuwa na Kikakwa, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba cha kijana aliyekuja na lori la mizigo, lakini vita vilipokolea na timu zikachanganyika, lugha iliyobaki ikawa moja. "Nifunike!" "Yuko juu ya mwamba!" "Usiende peke yako, wewe!" Hakuna aliyeamua kwamba tuzungumze Kiswahili. Ilikuwa ndiyo lugha pekee ambayo sote sita tungeweza kupigia kelele bila kufikiri.

Mwalimu wetu mlezi, hapa nazungumza nawe kwa heshima. Umesema kamusi. Kamusi tunazo tatu, nimekwenda maktaba nikahesabu, na moja bado ina nailoni yake. Tatizo letu halikuwa kamusi. Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, na sisi tunajiandaa kwenda kukifundisha, lakini tukitoka darasani tunakivua kama sare. Hosteli inazungumza Kilugbara na Kiingereza. Niliporudi muhula uliofuata niliwashawishi wenzangu wanne tucheze kwa hotspoti, sharti likiwa Kiswahili tu. Usiku wa pili tulibishana robo saa nzima juu ya neno moja: mchezaji aliyeuawa akirudi uwanjani, tuseme amefufuka, amezaliwa upya, au amerudi tu? Mmoja alisema kufufuka ni neno la Pasaka, tusilichezee. Mwingine akasema basi ni "mzimu", maana anayerudi si yule yule, hana silaha zake. Tulikubaliana "amerejea", kisha dakika mbili baadaye wote tukawa tunasema "amefufuka" kwa sababu ndilo lililokuja mdomoni. Hakuna somo la msamiati lililowahi kunifanya nibishane hivyo. Kwenye mchezo wa mtandaoni, dhidi ya wageni, jambo la kwanza sote tulilokuwa tukifanya ni kuzima sauti.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Chama kinunue ruta moja iliyotumika. Nimeiona sokoni Arua kwa shilingi 70,000. Kinunue betri ndogo ya kuiwasha umeme ukikatika, 90,000, na flashi mbili, jumla 50,000. Itengwe 15,000 ya bando la kupakua, mara moja tu, kwa simu moja, usiku. Jumla ni 225,000. Tupakue michezo ya programu huria, yaani ile ambayo waliotengeneza wameruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili na hata kuibadilisha. Kwa simu na kompyuta zote mbili, SuperTuxKart: mashindano ya vigari, yanayochezwa na watu wengi kwa mtandao wa chumbani tangu toleo la 1.0 la mwaka 2019, bila matangazo, bila duka. Kwa wenye kompyuta, 0 A.D., mchezo wa kujenga dola na kupigana, hadi watu wanane. Humo tangu 2018 kuna dola ya Kush. Kwa wasiojua, mji wa Kush wa Meroe uko kando ya Nile, na sehemu ya maji yapitayo Pakwach ndiyo hupita pale. Sijaona mchezo wa bando unaonipa mfalme wa mto wangu.

Sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. SuperTuxKart ina sura ya kitoto, na mtu aliyezoea Call of Duty ataguna atakapoambiwa achague pengwini. 0 A.D. askari wakizidi huifanya kompyuta ya zamani ihemee kama boda boda inayopanda mlima na abiria watatu. Na kwa mpira sina jibu. Hakuna mpira huria unaokaribia eFootball, na nimetafuta. Anayetaka mpira aende kibandani na shilingi zake 1,000, acheze na mtu anayemwona, alale. Bado ni nafuu kuliko kupakua.

Kuna aliyeniuliza kikaoni kwa nini nisiseme tu tunakili ile Counter-Strike 1.6 ambayo iko kwenye flashi ya kila mtu, maana nayo inachezeka chumbani na haidai mashine kubwa. Swali zuri. Ni mchezo bora wa kigezo changu: umri wake unakaribia wetu na bado uko hai, wakati mrithi wake, Counter-Strike 2, unataka nafasi ya GB 85. Lakini nakala zilizo kwenye flashi zetu ni za wizi, sote tunajua, na chama chenye muhuri na katiba hakiwezi kuandika wizi kwenye taarifa ya fedha. Mtu binafsi na dhamira yake, hilo silifuati mlangoni.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa dada mmoja wa Arua, na nakiri lilininyamazisha pale kikaoni. Alisema: ruta yako inawafaa walio chumba kimoja, lakini likizo watano wako Koboko na saba wako Arua, na mtandao ndio unaotuunganisha, unataka chama kife kila likizo? Nimelifikiria siku nne. Ana haki kuhusu umbali, lakini umbali wa kilomita 50 na kitu hauhitaji mchezo wa GB nyingi. Tunahitaji mchezo wa mtandaoni ambao hausumbuliwi na pingi, na hiyo ni michezo ya zamu. Kwenye Lichess, tovuti ya sataranji iliyoanzishwa 2010 na isiyo na matangazo wala malipo, unaweza kumpa mpinzani siku kadhaa kwa kila hatua. Asubuhi unawasha data dakika moja, unasogeza farasi, unazima. Mwenzako wa Arua anajibu jioni. Bando la wiki la mtu mmoja wa ile hoja ya kwanza lingecheza likizo nzima. Asiyejua sataranji kuna Matatu, karata tunazozijua tangu utoto, ambazo Kola Studios ya Kampala iliziweka kwenye simu. Na juu ya hayo, katika 400,000 zangu bado kuna 175,000. Nauli ya Arua hadi Koboko ni kama 10,000. Watu saba kwenda na kurudi ni 140,000. Likizo moja, siku moja, saba wanapanda gari na ruta yao, tunakutana kibandani kwa binamu, ambaye ameshakubali kutupa chumba bure akipewa soda. Zinabaki 35,000 za kutengeneza kitakachoharibika. Kitu kitaharibika.

Na kuna faida moja ambayo hoja ya bando haiwezi kuitoa hata ukiiongezea fedha. Mchezo wa kampuni hauwezi kuugusa. Ukiwa kwa Kiingereza, utabaki kwa Kiingereza mpaka kampuni iamue kwamba Waswahili wanalipa vya kutosha. Mchezo huria maneno yake yote yako wazi kwenye mafaili, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyatafsiri bila kuandika barua kwa mtu. Kitufe cha "anza", ujumbe wa "umeshindwa", majina ya silaha, maelekezo ya namna ya kujenga ghala. Tuko 12, tunasoma isimu, tafsiri na ushairi, na kila mwaka tunalalamika kwamba hatupati mahali pa kufanyia mazoezi ya tafsiri isipokuwa aya za magazeti. Nimefungua faili la 0 A.D. nikatafsiri maneno 60 ya kwanza. Nilikwama kwenye neno la kumwita mwanajeshi anayepigana na pia kulima shamba, kwa sababu katika mchezo ule askari wa kawaida ndiye huyo huyo mkulima. "Askari" peke yake linaficha jembe. "Mgambo" ni karibu, ila linanukia kizuizi cha barabarani.

Kura ni Jumamosi saa nane mchana, chini ya mwembe. Ruta ya yule muuzaji ameniwekea hadi Jumatatu kwa amana ya shilingi 10,000 zangu mwenyewe, na orodha ya yale maneno 60 nitaibandika kwenye ubao wa chama kesho. Mwenye neno bora kuliko "mgambo" aliandike pembeni kwa penseli.